Kigari cha Gofu na Dola Mia Tano za Ushirika

Jumatatu, 10 Novemba

Theluji imefika ngazi ya pili. Binti yangu Solveig kapiga simu kutoka Duluth. Haji kula nasi Siku ya Shukrani, tarehe 27. Tena! Mwaka wa tatu huu. Anasema gari lake la umeme likipigwa na baridi linaishiwa nguvu njiani, na hapa Otter Bend hakuna pa kulichaji. Nikamwambia soketi tunazo tele, hata nyuma ya kochi ipo moja. Akasema kwa soketi ya kawaida litajaa baada ya siku tatu. Nikasema basi kaa siku tatu. Akasema ana kazi.

Mke wangu Marlys aliniangalia tu. Gari lile lilipokuwa jipya nililiita pasi yenye magurudumu, mbele ya wageni. Solveig ana kumbukumbu mbaya sana. Yaani, nzuri sana.

Jumatano, 12 Novemba

Nimeokolewa! Ndani ya bahasha ya bili ya umeme kuna karatasi: ushirika wetu wa umeme unamrudishia dola mia tano kila mwanachama anayefunga chaja ya gari nyumbani. Chaja yenyewe inauzwa dola mia nne na tisini. Yaani nalipwa dola kumi ili binti yangu aje. Wajinga hawa!

Kuna masharti. Mwombaji awe na gari lake la umeme la kuchomeka. Mimi nina pikapu ya mwaka tisini na nane inayovuja mafuta. Lakini nina pia kigari cha gofu, nilichonunua uwanja wa gofu ulipofungwa, kwa sababu ambazo Marlys bado ananiuliza. Kina magurudumu. Kinachomekwa. Kwenye fomu nimeandika: "Gari la umeme, viti viwili, la wazi." Uongo uko wapi hapo?

Jumamosi, 15 Novemba

Fundi umeme mwenye leseni amekuja. Kafungua boksi la fyuzi, kapiga mluzi, kaniuliza lilifungwa na nani. Nikasema baba yangu, mwaka sabini na moja. Akasema inaonekana. Anataka abadilishe boksi zima kwanza. Bei yake sitaiandika hapa, nisije nikaisoma tena. Nilimshukuru nikamsindikiza mlangoni. Chaja nitaifunga mwenyewe.

Pulkkinen, jirani, alikuwa ukutani kwake anafuta chaja yake kwa kitambaa. Anaifuta kila siku kama pua ya mtoto! Mwaka jana ushirika ulimpa cheti. Kakitundika dirishani, kinatazama kwetu.

"Arvid, mwambie Solveig achaji kwangu tu. Mimi sina shida."

Nikamwambia asante, sisi hatujafikia hatua ya kuombaomba.

"Haya bwana. Usijichome tu."

Mwenye wivu huyo.

Jumanne, 18 Novemba

Nimefunga chaja. Saa tatu za kazi, kidole kimoja kimeungua, taa ya kijani inawaka. Nikapiga kelele za ushindi. Nikachomeka kigari cha gofu.

Nyumba nzima ikazimika.

Jikoni Marlys alikuwa na sinia mbili za keki za kanisani ndani ya oveni. Alitoka gizani akiwa ameshika mwiko. Alisema mambo kadhaa kuhusu baba yangu, ambaye ni marehemu na hawezi kujitetea. Tumeelewana: chaja, oveni na mashine ya kukaushia nguo visiwake pamoja. Wala redio. Nimebandika karatasi ya ratiba kwenye friji. Marlys ameigeuza nyuma akaandika orodha ya vitu vya dukani.

Ijumaa, 21 Novemba

Leo mkaguzi wa ushirika. Bi Lavonne, mwanamke mfupi mwenye kofia yenye masikio. Nilijiandaa barabara: kigari nimekifunika turubai, mbele nimeweka mapipa mawili ya takataka ili kionekane kina boneti.

Akaomba kuliona gari. Nikamwambia rangi haijakauka. Akainua turubai. Pipa moja likabingirika hadi miguuni kwake.

Akauliza namba ya usajili. Nikasema iko njiani. Akauliza nani kafunga chaja. Nikasema mtaalamu. Akauliza jina. Nilikuwa bado natafuta jina Marlys alipoingia na kahawa na keki.

"Arvid, umeshamwonyesha mama huyu ule waya unaonipiga shoti?"

Bi Lavonne akakaa juu ya pipa akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Kisha akaacha kucheka, akazima chaja, akabandika kibandiko chekundu. Akasema, kwa upole mbaya kuliko matusi, kwamba ningeiwasha usiku mmoja zaidi, tungelala wawili tukaamka majivu. Ombi limekataliwa. Akala keki tatu.

Jumatatu, 24 Novemba

Marlys kanunua bata mzinga mdogo. Wa watu wawili. Alikuwa kwenye sinki anaosha sahani moja tu, anaizungusha, anaizungusha. Nikamuuliza kama imetoboka. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Nikaenda banda la gari nikakaa ndani ya kigari cha gofu, nikafikiri. Kisha nikampigia Solveig. Nikamwambia chaja imefungwa ukutani. Kweli tupu! Kuhusu kibandiko hakuniuliza.

"Baba, kweli umefunga chaja? Kwa ajili yangu?"

Sauti yake ilibadilika. Kama zamani, alipokuwa akinisubiri dirishani nikitoka kazini. Nikasema ndiyo. Nikakata simu haraka. Akishafika atakuwa amefika, hawezi kurudi na betri tupu. Mpango mzuri.

Alhamisi, 27 Novemba. Siku ya Shukrani

Kafika saa tano asubuhi, betri asilimia nne, vidole vimemganda kwa kuzima hita njiani. Akafungua mlango wa banda mwenyewe, anatabasamu. Akasoma kibandiko. Tabasamu likaondoka polepole.

"Baba. Hii imefungiwa."

Nikasema ni mambo ya ofisi tu. Akasema angeweza kukwama barabarani, kwenye baridi hii, peke yake. Mara ya kwanza tangu niwe na watoto, nikasema samahani. Lilitoka kama mwiba wa samaki, lakini lilitoka.

Marlys akatoka na koti begani. Akasema Pulkkinen ameshaondoa gari lake, nafasi iko wazi. Kumbe alikwenda kumwomba tangu Jumamosi! Na bata mzinga mkubwa kamficha kwenye jokofu la Pulkkinen; kumbe siku ile kwenye sinki alikuwa akicheka! Simu yangu kwa Solveig aliisikia yote kupitia ukuta.

Pulkkinen akala nasi. Kaongea habari za kilowati kwa saa mbili nzima. Solveig anacheka. Halafu Pulkkinen akasema, huku akiangalia sahani, kwamba tangu mkewe Irma afariki hajala Shukrani mezani kwa mtu. Nikampa bakuli la mchuzi. Akamimina wote.

Jioni Solveig akanipeleka kuzunguka ziwa kwa gari lake. Kiti kinapasha joto mgongo! Akaniuliza naonaje. Nikasema si mbaya. Akanishika mkono. Hapa kwetu mtu akisema si mbaya, amesema yote.

Jumamosi, 29 Novemba

Solveig kaondoka, betri imejaa. Krismasi anakuja. Marlys kanisihi nimwite yule fundi mwenye leseni, nilipe, yaishe. Nimekubali. Nimekuwa mtu mwingine kabisa.

Nikageuza ile karatasi ya ushirika. Upande wa pili: wanalipa dola hamsini kwa kila jokofu kuukuu linalosalimishwa, mradi liwe bado linafanya kazi. Mawili kwa kila nyumba. Nyumba haielezwi ni nini, hata banda lina paa! Kuna moteli inafungwa barabara kuu, nimeshaongea na mwenye moteli. Majokofu kumi na manne yanaletwa Jumatatu, Marlys akiwa kwaya. Yote mabovu, anasema.

Nitayatengeneza mwenyewe. Ni waya mbili tatu tu.