POP ya Maame Pokuaa

Fiifi Quansah, fundi wa kompyuta, alipomsikia Maame Pokuaa, tajiri wa vitambaa hapo Kumasi, akilalamika kwamba washindani wanamchungulia barua pepe, mate yalimjaa kinywani. Mzigo wa mama huyo ulikuwa njiani kutoka ng'ambo, na neno la siri la kuutolea ghalani lingekuja kwa barua pepe.

"Tatizo ni IMAP, hiyo njia unayopokelea barua, Maame," alisema kwa huzuni ya daktari. "Barua zinabaki kwenye seva, kila mpita njia anazichungulia. Nikuwekee POP. Hiyo inazibeba zote nyumbani, kule haibaki hata harufu."

"Na ndiyo salama zaidi?"

"Naapa kwa bibi yangu."

Ukweli ni kwamba, zisipofungwa kwa msimbo, zote mbili ni nyumba isiyo na mlango. Lakini ukweli haujawahi kumlisha Fiifi. Alipewa nywila, akaiweka POP sawasawa, ila nyumbani alikokusudia ni kwenye kompyuta yake mwenyewe, zilimolala pia barua za wateja wengine aliokwisha kuwanyoa bila maji.

Wiki haikwisha, barua ya wakala wa mizigo ikaingia. Vitambaa vimefika. Ufunguo wa ghala uko Jumamosi kwenye matanga ya Opanyin Boadu, mjomba wa Maame, kwa wapokea michango. Mchukuzi ataje neno "kontomire", ile mboga ya majani, na kwa usalama aonyeshe barua hii kwenye kompyuta iliyoipokea.

Fiifi hakuona ajabu yoyote. Kumasi, jambo gani kubwa halimaliziwi matangani Jumamosi? Akaazima kitambaa cheusi, akaenda.

"Kontomire," alimnong'oneza mzee wa meza ya michango, akaiweka kompyuta mbele yake.

Mzee akasoma, akaifunga, akaivuta upande wake. Kipaza sauti kikanguruma: "Bwana Fiifi Quansah amewachangia wafiwa kompyuta nzima!"

Makofi yakapigwa. Wajane wakapanga foleni kumshika mkono. Mchango ukishatangazwa haurudishwi. Anayethubutu huchekwa hadi kwa wajukuu zake. Fiifi akatabasamu na roho inamuuma kwelikweli.

Wa mwisho kumshika mkono alikuwa Maame Pokuaa.

"Tangu uniwekee hiyo POP sijapata barua hata moja, mwanangu. Ile ya wakala nikajiandikia mwenyewe, nione inalala kwa nani."

"Maame, nakusihi. Kazi yangu yote imo humo."

"Wasiwasi wa nini? Kachukue nakala nyingine kwenye seva."

Fiifi akafungua mdomo, akakumbuka kule haibaki hata harufu, akaufunga.