Doa la Juu ya Kitanda

Jumatatu, 3 Machi

Iandikwe na ifahamike na wote: kuanzia leo asubuhi mimi ni mchoraji. Nimenunua kofia.

Ni laini, bluu iliyokolea, haina ukingo, inalalia sikio. Muuzaji alisema imenikaa. Alisema pia ni ya kike, lakini hayo aliyasema nimeshaivaa na nimeshatoka. Dukani kwetu, ninakouza misumari, vitasa na rangi za nyumba, bosi aliniuliza kama sikio linaniuma. Wasanii tumezoea.

Chanzo cha yote ni mke wangu. Ijumaa alibeba begi akaenda kwa dada yake. Alikuwa na mashtaka mawili. La kwanza, doa la unyevu ukutani chumbani, juu ya kitanda, limeteremka hadi kwenye mto wake na mimi nimekaa tu nalitazama. La pili, tangu tuoane sijawahi kumwambia neno moja lililotoka moyoni. Alisema kuishi na mimi ni kama kuishi na kabati. Nikamjibu kwamba kabati nalo lina faida zake. Nadhani hapo ndipo alipokwenda kuchukua begi la pili.

Sasa nimejiandikisha darasa la uchoraji kwenye ukumbi nyuma ya maktaba. Tangazo lao linasema: toa ya moyoni kwa rangi, bila kuchora kitu chochote kinachojulikana. Nafasi yangu hiyo! Sijui kuchora kitu chochote kinachojulikana.

Jumanne, 4 Machi

Darasa la kwanza. Mwalimu ni mama mrefu, mpole, anaongea kama anayebembeleza mtoto alale. Alisema tufumbe macho, tuyatafute maumivu yetu, tuyape rangi. Nikafumba. Nikatafuta. Nikakuta njaa. Nikapaka kahawia karatasi nzima.

Jirani yangu pale ni Muuza Miwani. Mwembamba, msafi, anakuja na brashi zake kwenye kikasha. Alichora mstari mmoja mweusi. Mmoja! Akaweka brashi chini, akasema ni siku aliyofiwa na baba yake, akalia. Mwalimu akalia. Mama mmoja wa nyuma, ambaye wanasema huja kwa ajili ya chai tu, naye akalia. Halafu wote wakageukia karatasi yangu. Mwalimu akaniuliza, baba, sisi hapa tunaona nini? Nikasema huzuni. Muuza Miwani akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, akasema yeye anaona mlango.

Kusema kweli ni rangi ya milango. Niliichota dukani. Lakini yeye alijuaje?

Jumamosi kuna maonyesho. Nimemwalika mke wangu kupitia kwa dada yake. Jibu lililorudi ni: Mh. Nimelipokea kama ndiyo. Akija akiona moyo wangu uko kwenye fremu, atarudi nyumbani. Lazima arudi. Nyumba imekuwa kubwa, na sijui chumvi anaiweka wapi.

Jumatano, 5 Machi

Nimeshinda nikitafuta maumivu. Nimekata vitunguu: macho yamelia, moyo umetulia tuli. Nimetazama picha ya harusi yetu, nikaishia kukumbuka kwamba ile suti ilikuwa ya shemeji. Nimekwenda kwenye msiba wa mtu nisiyemjua, mtaa wa pili. Wakanipa kazi ya kupanga viti. Nikavipanga vizuri mno, nikasifiwa, nikarudi na furaha. Hasara tupu!

Jioni nikajitupa kitandani, upande wangu mkavu, nikiutazama ukuta. Na hapo!

Doa. Njano katikati, kahawia pembeni, michirizi ya kijani ikishuka kama mtu aliyeinama akakosa wa kumwinua. Mimi nahangaika na misiba ya watu, kumbe mwenzangu yuko kazini!

Nikakitoa kioo cha sebuleni kwenye fremu yake. Fremu nikaipigilia ukutani, kulizunguka doa. Nikarudi nyuma kidogo. Mwili ukanisisimka. Nikatia saini kwa penseli chini kulia. Ukuta ukainywa. Nikaitia tena kwa msumari.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemleta Mwalimu. Muuza Miwani naye akafuata, hakuna aliyemwalika.

Mwalimu alisimama mbele ya ukuta akashika kifua. Alisema anamwona mtu aliyebana mambo yake kwa muda mrefu, halafu siku moja akayaachia yote. Alisema ukweli wa namna hii haufundishwi. Aliniuliza nimetumia nini. Nikasema subira.

Muuza Miwani akasogea, akanusa, akataka kujua kwa nini picha inanuka. Mwalimu akamwambia, baba yangu, maumivu ya kweli hayana marashi. Ah! Laiti mke wangu angekuwepo!

Imepitishwa: kwa kuwa ukuta haubebeki, maonyesho yote yanahamia chumbani kwangu. Muuza Miwani ataning'iniza mstari wake nyuma ya mlango, pale penye kanzu yangu ya kulalia.

Ijumaa, 7 Machi

Hujuma!

Asubuhi mlango umegongwa. Ni shemeji, kaka wa mke wangu, fundi bomba, na nyundo mkononi. Kasema katumwa na mke wangu: aupasue huo ukuta leo, azibe panapovuja, ili kesho akute kitanda kikavu. Nikatanua mikono mlangoni. Nikamweleza kwamba hapavuji. Ni mimi.

Akaitazama kofia. Akasema, shemeji, nimeona wanaume wengi wakiachwa. Kuna wanaokunywa, kuna wanaonenepa. Wewe wa kwanza kuvuja.

Aliugonga ukuta kwa kidole, ukaitika kama tikiti lililoiva. Akaapa hautafika Jumapili. Mwisho akakubali kusubiri, kwa sharti nimpigie dada yake mwenyewe. Nikapiga. Nikamwambia mke wangu kesho asije kwa ajili ya kitanda, aje kuona yaliyomo moyoni mwangu. Akauliza kama nimekunywa. Nikasema sijanywa. Kisha, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu uchumba: haya, nitakuja.

Mchana balaa lingine. Doa linafifia! Linakauka! Nimelipulizia maji kwa chupa ya kunyunyizia maua, likayakataa. Nimepanda ghorofani kwa Mzee wa Juu, mpangaji anayeishi peke yake, ambaye sijawahi kuongea naye zaidi ya salamu. Nikamuuliza kama kuna lililobadilika kwake. Akasema hapana, ila leo ameamka na nafuu. Watu wengine bwana! Unawauliza la maana, wanakueleza habari zao.

Jumamosi, 8 Machi

Limerudi! Usiku limerudi lote, na limeongeza rangi ya chungwa.

Darasa zima lilijazana chumbani, viatu mlangoni, mama wa chai kakalia kabati la nguo. Mke wangu akaingia na kaka yake. Kavaa gauni la kijani, lile ninalolipenda, sijui kama anajua.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ikapotea yote. Nikasema tu: mke wangu, usipokuwepo nakuwa hivi, kitu kinaanza kidogo huko juu, halafu kinashuka, halafu kinafika kwenye mto wako. Hilo la mto sikulipanga. Lilitoka lenyewe.

Akanitazama. Macho yakalowa. Akasema, kumbe unaweza! Akaninyooshea mkono.

Sekunde hiyohiyo Muuza Miwani, kwa wivu, akaamua kupima ugumu wa rangi kwa kidole. Kidole kikazama. Mkono ukafuata. Plasta ikateremka na fremu na saini yangu zote mbili, na ndani ya shimo likaonekana bomba nene lenye ufa. Shemeji akachungulia, akanusa, akatangaza mbele ya watu wote: hili la choo cha juu.

Wote tukainua macho darini. Ndipo huko juu Mzee wa Juu akavuta maji.

Muuza Miwani ndiye aliyekuwa karibu zaidi.

Mwalimu akawaomba wote watoke. Mke wangu akakaa kitandani, upande uliolowa, akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema atarudi ukuta ukizibwa. Akasema pia, akiwa tayari mlangoni, lile la mto nisilisahau.

Jumatatu, 10 Machi

Ukuta umezibwa. Bomba jipya, plasta mpya, mweupe pe. Hauna wazo hata moja.

Mke wangu amerudi. Asubuhi alinimiminia chai, akakaa karibu, akaniomba nimwambie tena lile la mto. Nikamwambia yale yalikuwa maneno tu ya kujaza nafasi. Kazi yenyewe ilikuwa ukutani. Amenyamaza tangu hapo. Anatafakari sanaa.

Lakini siwezi kupumzika. Nasikia Muuza Miwani amechora mstari wa kahawia, ameuita Jumamosi, na darasa zima limelia. Lazima nijibu. Jioni nimevaa kofia nikapanda kwa Mzee wa Juu. Nikamwambia nazungumza naye kama msanii kwa msanii. Nikakiri kwamba, ukiniondoa mimi, yeye ndiye aliyekuwa na mchango mkubwa. Nikamuuliza huzuni ile aliitoa wapi, na kama anaweza kuipata tena kabla ya Jumamosi, safari hii upande wa sebuleni.

Akasema hakuwa na huzuni. Lilikuwa tumbo. Limeshapona.