Matembezi ya Mtu Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Nimefura kwa hasira. Na mimi ni mtu wa kuandika! Miaka ishirini na miwili naandika mabango: maduka, zahanati, milango ya vyoo. Na miaka hiyo yote, kabla sijashika brashi, natembea ufukweni peke yangu. Saa kumi na mbili kamili asubuhi. Kutoka kiwanda cha barafu hadi kwenye miamba, kisha narudi. Simsalimii mtu. Hakuna wa kusalimiwa. Ndiyo raha yenyewe.

Leo nimekuta watu kumi na tisa. Kumi na tisa! Fulana za njano. Spika ya kubeba begani, muziki unapiga. Mbele yao yule mwalimu mstaafu wa michezo wa mtaa wa nyuma, ambaye wote wanamwita Filimbi kwa sababu haivui shingoni hata akienda msibani. Ameanzisha kundi la matembezi. Kwa afya na furaha, anasema. Nani kamwambia mimi sina furaha? Akanipulizia filimbi. Mimi! Akasema mzee nisiachwe nyuma. Kanizidi miaka minne. Nikawafokea wote kwamba watu wenye adabu zao hutembea kabla jua halijachomoza.

Nyumbani nimemweleza mke wangu ukatili niliotendewa. Akaendelea kukunja nguo. Akauliza kama na wanawake wamo. Nikamwambia wamo tele, tena wanacheka. Akasema aa.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza. Mwepesi, wa akili. Nimeondoka saa kumi na moja na nusu. Giza bado. Nimepiga hatua mia mbili kwa amani. Kisha nikasikia filimbi.

Kumbe maneno yangu ya jana Filimbi kayachukua kuwa ushauri. Kaufuata! Eti fundi ana uzoefu, tumsikilize. Nimerudi nyumbani kabla ya kufika hata nusu ya njia.

Mke wangu kaniuliza viatu vyake vya raba viko wapi. Stoo, nimemjibu, nyuma ya makopo ya rangi. Sikuwa na muda wa kuuliza vya nini. Nina vita.

Jumatano, 5 Machi

Dawa ya moto ni moto. Nimefunga karakana mapema, nikachukua ubao mzuri uliobaki kwenye kazi ya zahanati. HATARI! MAWE YANATELEZA. NJIA IMEFUNGWA. Herufi nyekundu zenye kivuli cheusi. Nikaongeza ukingo wa mawimbi ya buluu. Ukingo haukuhitajika, lakini kazi mbovu siwezi, hata kwa adui.

Jioni nimelisimika bango langu kwenye njia ya kushukia ufukweni. Nikarudi nyuma hatua tano nikalitazama. Safi! Manispaa yenyewe haina bango kama lile. Nimekula vizuri kwa mara ya kwanza wiki hii.

Alhamisi, 6 Machi

Simu imeanza kulia alfajiri. Wa kwanza kauliza mawe yanateleza upande gani. Wa pili kauliza njia itafunguliwa lini. Wa tatu anataka bango kama lile kwa ajili ya uzio wake, ila mawimbi yawe makubwa zaidi. Namba yangu wameitoa wapi? Nikakimbia kwenda kuangalia. Chini kabisa, pembeni, kwa herufi ndogo za kulala: Fundi Mabango, na namba ya simu. Mkono huu! Miaka ishirini na miwili, ukimaliza bango huandika namba. Haukuniuliza.

Filimbi alikuwa pale na kundi lake. Hakukasirika. Angekasirika ningepona! Alinishukuru mbele ya wote kwa kuwajali, akasema kuanzia leo hawatakwenda kwenye mawe, watazunguka pale pale mchangani. Mchanga wangu! Wakapiga makofi. Na katikati ya zile fulana za njano nikamwona mke wangu. Raba miguuni. Anacheka mpaka kaegemea bega la mama wa duka la dawa. Sijamwona akicheka hivyo tangu tuko wachumba.

Iliniuma. Naandika hivyo tu, iliniuma.

Ijumaa, 7 Machi

Tumegombana asubuhi nzima. Nimemwita msaliti. Kanijibu kwamba mara tatu aliniomba tutembee wote: mwaka tuliooana, wiki aliyoolewa binti yetu, na mwezi uliopita alipotoka kuugua. Mara zote nilimwambia bahari haitaki watu wawili. Nikasema sikumbuki. Akasema yeye anakumbuka kwa niaba yetu wote.

Kisha akatoa tiketi mbili. Kesho alasiri ile bendi tuliyokuwa tukiipenda ujanani inapiga kwenye ukumbi wa wazi wa manispaa. Kundi lote linakwenda. Hapo akasema, bila kupandisha sauti:

"Mume wangu, nimechoka kukungoja. Kesho njoo ukae na mimi, tusikilize muziki, basi. Usije na mpango. Ukija na mpango, kila mtu ashike njia yake."

Nimeahidi. Nimeapa kabisa. Nampenda mke wangu, asije mtu akasema vingine. Lakini kukaa naye katikati ya njano ile, na filimbi masikioni, huko nako ni kukaa naye? Atanishukuru. Nimetoa kadi mbili nyeupe na brashi nyembamba. Huu si mpango. Ni maandalizi.

Jumapili, 9 Machi

Jana sikuandika. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba ningetoboa karatasi.

Nilifika ukumbini mapema. Bawabu ananifahamu, ubao wa getini niliuandika mimi, akadhani nimekuja kazini. Safu ya mbele kabisa, viti viwili vya katikati, nikaweka kadi zangu: MGENI RASMI, na MKE WA MGENI RASMI. Herufi za dhahabu. Alipofika nikampeleka. Akaisoma kadi, akanigeukia. Nikamwambia ni bahati tu, viti havina watu. Akakaa.

Wimbo wa kwanza tukausikiliza. Mpiga gitaa sasa ana mvi, vidole ni vile vile. Mke wangu akaweka mkono wake juu ya wangu. Dakika nne nzima sikuwa na hasira na mtu yeyote. Sikujua hata uso niuweke vipi.

Kisha mshereheshaji akaiona kadi. Mtu wa itifaki yule! Kwake yeye mgeni rasmi hawezi kukaa bila kuhutubia, hata kama hakuna aliyemwalika. Akaisimamisha bendi, akaomba radhi kwa uzembe wa waandaaji, akaniita jukwaani. Makofi. Mke wangu akaninong'oneza:

"Waambie ni makosa. Rudi ukae."

Nilipanda kwa nia hiyo hiyo. Naapa. Lakini nilipokishika kipaza sauti nikaona safu ya tano, njano tupu, na Filimbi ananipungia mkono kama rafiki yake wa tangu utotoni. Damu ikachemka. Nikahutubia dakika kumi na mbili! Nikasema juu ya uvamizi wa fukwe. Nikasema juu ya watu wazima wasioweza kupeleka miguu yao bila kupulizwa. Nikasema kwa mamlaka niliyonayo kama mgeni rasmi naagiza makundi yote yaondoke ufukweni kuanzia Jumatatu. Watu wakazomea. Mpiga ngoma akaanza kupiga nikiwa bado nazungumza. Nikapandisha sauti. Naye akapandisha. Ana mikono miwili na mimi nina mdomo mmoja.

Niliposhuka, kiti chake kilikuwa na kadi tu. Nikamtafuta kwenye njano, hayupo. Nilimkuta nyuma kabisa, karibu na uzio, anacheza peke yake, macho kayafumba. Nikamwambia twende nyumbani. Akasema nitangulie. Leo kutwa nzima hajanisemesha. Kosa la nani? La mshereheshaji!

Jumatatu, 10 Machi

Ushindi! Nimeshuka saa kumi na mbili kamili na ufuo ni mtupu. Niliambiwa jana na mama wa duka la dawa: Filimbi kahamishia kundi uwanja wa mpira. Kawaambia mtu mwenye uchungu kiasi kile mpisheni. Mpisheni! Kama mgonjwa! Lakini wameondoka, na kuondoka ni kuondoka.

Nilipofika nusu ya njia nikaona mtu mbele. Hana fulana ya njano. Raba mkononi, miguu peku. Mke wangu. Nikakimbia, nikamfikia nikihema, nikamwambia haya, nimekubali, leo tutembee wote. Hakununa. Laiti angenuna.

"Tangulia wewe au nitangulie mimi," alisema. "Natembea peke yangu. Nimeonja juzi kule nyuma ukumbini, nimeona ni kutamu. Ulikuwa na haki miaka yote, mume wangu. Ila ningependa ungekuwa umeniita nikiwa bado nataka kuja."

Akaenda zake. Hakugeuka. Nikabaki nimesimama, maji yanaingia viatuni.

Ana haki gani? Saa ni yangu! Njia ni yangu! Mpaka saa nne sijashika brashi, nawaza tu. Kisha nimekwenda kwa Filimbi. Nimemkuta anapiga pasi suruali ya mazoezi. Nimemwomba kesho arudishe kundi lote ufukweni, alfajiri, na spika aifungulie mpaka mwisho. Wakijazana pale mke wangu atakereka. Najua, mimi mwenyewe nilikereka. Atatafuta mtu mmoja tu wa kumkimbilia, yaani mimi. Filimbi kaweka pasi pembeni, kisha kauliza na mimi siku hiyo nitakuwa wapi. Nimemwambia mstari wa mbele, mke wangu anione vizuri. Nimejiandikisha. Fulana iliyobaki ni ndogo, lakini kwa mpango wa asubuhi moja itatosha.