Ndege wa Kiwanja cha Mwenyekiti

Alhamisi, 15 Agosti 1974

Sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Ni mimi niliyehamisha vigingi vya Mwenyekiti Kashaija. Tena leo, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, wakati kijiji kizima cha Kishanda kiko misani! Nilisingizia tumbo.

Nilikuwa na sababu. Kule rweya, nje ya migomba, penye mchanga na nyasi zilizoungua, kuna ndege wa miguu mirefu. Hana kiota. Ametaga chini, peupe, kama mtu aliyesahau mayai yake njiani. Juzi mpimaji alikuja kugawa viwanja vya kijiji cha ujamaa, akachomeka kigingi karibu naye. Rweya haina mti, kwa hiyo mwewe alifurahi sana: amepata kiti! Jana alikaa juu yake, akachagua yai, akalila. Yamebaki mawili.

Nimesogeza mstari mzima. Nina akili!

Ijumaa, 16 Agosti

Balaa! Mstari ule ndio mpaka kati ya kiwanja cha Mwenyekiti na chetu. Chetu kimenenepa. Chake kimebaki kama mkanda wa suruali.

Amekuja asubuhi. Amemwambia baba kwamba yeye, Ndugu Mutembei, huililia migomba yake mkutanoni, kumbe anaimezea mate rweya. Baba akajibu kwamba mchanga ule hata bure hautaki. Akaharibu zaidi! Jumapili kuna mkutano. Mwenye kosa atapelekwa Bukoba akaeleze kwa nini anahujumu ujamaa.

Bibi, akimenya ndizi, amesema yeye hahamii kijiji kipya. Huko rweya ukipiga chafya kijiji kizima kinakuitikia. Hapa kibanjani kwetu migomba inakuficha hata ukila peke yako.

Kuficha! Wazo limenijia.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimemjengea ndege uzio wa majani ya migomba. Mzuri. Hata bibi angehamia. Ndege amekataa! Amepiga kelele, amenirukia kichwani, kisha akajiburuta mchangani kama aliyevunjika bawa. Kumbe anataka kumwona kila anayekuja, tangu mbali. Mayai yakawa yanaunguzwa na jua. Nimebomoa uzio haraka. Amerudi kuyalalia bila hata kunishukuru.

Nilitaka kurudisha vigingi. Haiwezekani. Penina, binti wa Mwenyekiti, ameketi pale na mwavuli, analinda. Tulisoma darasa moja. Ameniuliza kwa sauti kubwa kama nimekuja kukagua shamba langu jipya.

Baba hakula jioni.

Jumapili, 18 Agosti

Mkutano. Mwenyekiti aliuliza nani anajua lolote. Baba alitazama miguu yake.

Nikasimama. Kweli nilisimama niseme kweli! Nikaanza kuhesabu vifungo vya shati la Mwenyekiti. Penina akasema haya, bubu wetu anahutubia. Nikasikia sauti yangu ikisema: ng'ombe. Rweya haina miti, ng'ombe akiwashwa ajikune wapi? Kwenye kigingi.

Penina akauliza kama ng'ombe hao walivichomeka tena kwa mstari ulionyooka. Mungu wangu! Nilijiona niko Bukoba tayari.

Bibi akajibu kwamba wanaolishwa pale ni ng'ombe wa Mwenyekiti peke yake, na hao wamelelewa kwa adabu. Mkutano mzima ukaangua kicheko. Mwenyekiti akakohoa sana, akasema mpimaji arudi, yaishe.

Baba alinishika bega njia nzima. Heri angenichapa. Bibi aliniuliza lile tumbo la sikukuu lilipona saa ngapi.

Jumatano, 21 Agosti

Mpimaji amerudisha kila kigingi. Nilikimbia kutazama. Mayai hayapo! Nikalia. Kisha mchanga ukatembea. Makinda wawili, rangi ileile ya mchanga, tayari wanamkimbilia mama yao! Hawakunihitaji hata kidogo.

Nimeapa kutogusa kigingi tena maishani.

Jioni nimeona walikohamia. Pale palipoparuliwa nyasi ili ijengwe ofisi ya kijiji. Peupe kabisa, wamepapenda. Vigingi vimeshachomekwa, na mwewe amekalia kimoja.

Ofisi haiwezi kusogea kidogo tu?

Jumapili wote watakuwa misani. Naanza kusikia tumbo. Wewe unayesoma hapa, nakuomba, usimwambie mtu. Hasa Penina.