Nilivyojitukana kwa Manufaa Yangu

Jumatatu, 4 Machi 1754
Kitabu changu juu ya biashara ya sufu na nchi za ng'ambo kina wiki tatu sasa. Kurasa tisini! Nakala zilizonunuliwa: nne. Mbili kanunua mke wangu, Tabitha. Na Ijumaa wafanyabiashara wa London tunachagua mtu wa kutusemea Bungeni. Nisipokuwa mimi atakuwa Jabez Garbutt, muuza zabibu kavu, asiyewahi kuandika hata barua ya pole. Leo mkahawani, mbele za watu, kaniuliza kama karatasi zangu zinafaa kufungia jibini.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata! Mji huu hausomi kitabu mpaka kitukanwe. Basi nimekaa nikajitukana mwenyewe, kurasa kumi na mbili, kwa jina la Msema Kweli. Nimeandika kwamba Obadiah Tranter (ndiye mimi) akitumwa Uturuki kuuza sufu atarudi uchi, tena akishukuru. Nilicheka mpaka wigi likadondoka. Bi Wragg, mchapaji, kaapa kunitunzia siri. Kauliza Tranter kanikosea nini.

Alhamisi, 7 Machi
Mji mzima unasoma! Matusi tu. Kitabu hakuna anayekiulizia. Mkahawani mtu kapanda juu ya meza kuyasoma kwa sauti. Mzee mmoja mwenye meli kafuta machozi ya kicheko, akasema huyu Msema Kweli ndiye wa kupeleka Bungeni. Wote: naam! Ila ni nani? Garbutt akakohoa. Akatazama dari. Akasema yeye hapendi kujisifu.
Mwizi!

Ijumaa, 8 Machi
Garbutt kachaguliwa. Nilisimama nikapiga kelele kwamba mwandishi ni mimi. Vicheko. "Kaa chini, bwana wee! Ungekuwa na akili hizo, si ungezitia kwenye kitabu chako?" Nikamwita Bi Wragg athibitishe. Akajibu kwamba yeye akiapa kaapa. Garbutt kanishika bega, akaniambia pole.
Nyumbani Tabitha kaniapisha nisiandike kitabu tena maishani. Nimeapa.

Jumamosi, 9 Machi
Jibu si kitabu. Asubuhi nimeanza kumjibu Msema Kweli, kurasa mia na ishirini, kwa jina la Mjane Mwaminifu wa Bristol. Mjane anamtetea Tranter. Ila ili watu wasinishuku, anaanza kwa kumponda kidogo. Ukurasa wa kwanza mpaka wa themanini.