Asiye na Hoja Apite

Idara ya Utulivu wa Masoko iliwatangazia wakazi, wafanyabiashara na wapita njia wote wa Kariakoo kwamba, kuanzia Jumatatu ile, kubishana kuhusu mwanamuziki Chiku Ndimu kungekuwa huduma rasmi, kungesimamiwa na mtaalamu, na kungefikia mwafaka kabla ya Ijumaa. Wahenga walisema la mgambo likilia kuna jambo. Safari hii jambo lenyewe lilikuwa limevaa koti la kijivu, limepanda juu ya kreti la soda kwenye kona ya Mtaa wa Kongo, na lilikuwa likiitwa Mwinyimvua.

Mwinyimvua alikuwa Kaimu Msimamizi wa Utulivu. Alianza kukaimu mwanawe wa mwisho akiwa chekechea, na sasa mtoto huyo ananyoa ndevu. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemthibitisha. Mkewe akikasirika alimwita Kaimu Mume, na neno hilo lilimchoma Mwinyimvua hata hamu ya kula ikamwisha. Ndiyo maana alikubali palepale siku Mkurugenzi, Mheshimiwa Heriel, alipomwita ofisini na kumwahidi kwa kinywa chake kwamba akileta mwafaka kabla albamu ya Chiku haijazinduliwa, hilo neno Kaimu ataliondoa yeye mwenyewe.

Mabishano yalikuwa ya siku nyingi. Pale kwenye benchi la kahawa kulikuwa na upande wa Chiku wa Zamani, ukiongozwa na Bi Maimuna, muuza kanga, ambaye kwake muziki ulifika kileleni siku Chiku alipoimba kuhusu mwanamume aliyeondoka na sufuria akamwachia mkewe mfuniko. Upande wa pili ulikuwa wa Chiku wa Sasa, na kinara wake alikuwa Mudi, muuza makava ya simu, aliyeshikilia kwamba mtu hawezi kulilia sufuria maisha yake yote, kuna siku lazima acheze. Halafu Chiku akanyamaza miezi kadhaa, ikasemwa anaandaa albamu. Bi Maimuna alisema amechuja, kimya ni kiki tu ya kujitangaza. Mudi alisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wachukuzi wa mikokoteni walisimama kusikiliza, mizigo ikasimama nao, na mtaa ukaziba.

Siku moja gari la Mkurugenzi lilinasa humo. Hilo angelivumilia, maana ni mtu mvumilivu. Kilichomshinda ni kijana mmoja aliyeinama dirishani kwa adabu zote, akamwamkia, akamwuliza, "Mzee, wewe upande gani?" Mheshimiwa Heriel ana shahada mbili na dereva, lakini upande hakuwa nao. Alirudi ofisini kimyakimya, akafanya utafiti hadi saa ya chakula, akagundua kwamba tatizo la jiji hili ni pande.

Basi ukaandaliwa utaratibu, na kusema kweli ulikuwa utaratibu mzuri. Mabishano yaligawanywa kuwa Bishano Dogo, Bishano la Kati na Bishano Kubwa, hilo la mwisho likihitaji kibali cha ghorofa ya tatu. Aliyetaka kumlinganisha Chiku na mwanamuziki mwingine alitakiwa kutoa taarifa mapema ili wenye presha wajiandae. Nyimbo ambazo hazijatoka zingejadiliwa kana kwamba zimeshatoka, ili kuokoa muda. Na mwenye hoja lazima awe ameketi, kwa kuwa Idara ilibaini kwamba mtu akibishana amekaa, mikono yake haifiki mbali.

Tatizo lilikuwa sauti. Kariakoo kila meza ina kipaza sauti chake, kile ambacho machinga hujirekodia mara moja asubuhi kikasema siku nzima: viatu bei poa, viatu bei poa, mpaka mwenyewe akaenda kula akarudi. Mwinyimvua alishindana na vyombo hivyo kwa koo lake la kuzaliwa. Jumanne mchana akawa anafungua mdomo hakitoki kitu. Mudi alimwonea huruma. Alifuta tangazo lake la makava, akamsogezea kipaza sauti chake.

"Shikamoo mzee. Sema mara moja tu hapa, halafu kaa unywe kahawa."

"Marahaba," alijibu Mwinyimvua kwa sauti iliyokauka, akajikusanya, akasema kwa sauti yote iliyosalia: "Ndugu wananchi, tubishane kwa utulivu. Mwenye hoja akae. Asiye na hoja apite."

Kikaanza kusema. Kikasema na kusema. Mwinyimvua alikaa na kikombe chake, akajisikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kukaimu akahisi kama mtu aliyethibitishwa. Ilikuwa sauti nzito, ya kukwaruza kidogo, na mwisho wake ilishuka kama mtu anayetua gunia. Jioni wenye mikokoteni walikuwa wameshaizoea. Walisukuma kwa kuifuatisha, na walipotaka njia hawakutukana tena. Mmoja alisema asiye na hoja, wenzake wakamalizia apite, na watu wakasogea wakicheka. Meza za jirani zikairekodi, za mbali zikarekodi kwa jirani. Kufikia Jumatano Kariakoo nzima ilikuwa inasema kwa koo la Mwinyimvua.

Jumatano hiyo palikuwa na Bishano la Kati, zuri sana. Miongoni mwa wasikilizaji alisimama mwanamke aliyevaa nikabu, ameshika simu, hasemi neno. Bi Maimuna alikuwa ameketi kisheria, mikono magotini.

"Mimi sisemi Chiku wa sasa hajui kuimba," alisema. "Nasema haumwi. Ule wimbo wa mfuniko niliusikia wiki niliyoachwa. Nilifunga duka nikalia, nikafungua duka nikauza. Huyu wa sasa ananichezesha, sawa, lakini nikifika nyumbani hanifuati."

Mudi naye alikaa. Alisema anamheshimu mama, ila yeye alimsikia Chiku wa Sasa siku aliyonyang'anywa mzigo wake wote barabarani, akacheza peke yake chumbani mpaka akapata akili ya kuanza upya. "Sasa mama, si na mimi alinifuata nyumbani?"

Hapo Mwinyimvua aliona aibu, kwa sababu alikuwa na upande. Alikuwa nao siku zote. Wimbo wa mfuniko aliuimba bafuni, maneno yote, na ulipofika pale mwanamke anapoupika ugali kwenye mfuniko, yeye Kaimu Msimamizi wa Utulivu alikuwa anafuta macho. Lakini msimamizi haruhusiwi upande, sembuse machozi. Ili kuficha uso aligeuka kwa ukali, akamwuliza yule mwenye nikabu kama ana hoja. Mwanamke akatikisa kichwa. Mwinyimvua akamwonyesha njia kwa mkono, kama utaratibu unavyotaka, na mwanamke akapita, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Alhamisi ilikuwa siku ya mwafaka. Mwinyimvua aliuandaa usiku na mchana, akausoma akiwa juu ya kreti: kwamba pande zote zinatambua kuwa Chiku Ndimu, wa zamani na wa sasa, anaimba kwa kiwango cha kuridhisha, na kwamba albamu ijayo itakuwa ya wastani mzuri.

Kisha Bi Maimuna akasimama, kinyume cha utaratibu, akauliza ni nani huyo anayemwita Chiku wastani. Mudi akasimama upande wake, bega kwa bega. Wastani ni mama yenu, alisema mchukuzi mmoja, akaombwa aombe radhi, akaomba. Watu ambao kwa miaka hawakuwa wamekubaliana hata juu ya sukari ya kahawa waliondoka pamoja wakimsema Mwinyimvua, na benchi likabaki tupu. Yeye alikaa juu ya kreti lake akiliona neno Kaimu linazeeka naye, linazikwa naye.

Alienda kutoa taarifa kwa Mkurugenzi, hana hata nguvu ya kudanganya.

"Mheshimiwa, wamekubaliana."

"Safi sana. Wamekubaliana nini?"

"Kwamba sisi hatujui muziki."

Mheshimiwa Heriel alifikiri. "Wote?"

"Wote, Mheshimiwa. Hakuna aliyepinga."

"Basi huo ndio mwafaka," alisema Mkurugenzi, akampa mkono. Mambo ya nini kimekubaliwa, alieleza, ni ya kitaalamu, wananchi hawahitaji kuingizwa humo. Kwa furaha hiyo akaamua kuhudhuria uzinduzi mwenyewe, akae mbele, na azungumze kidogo kabla watu hawajachoka. Kuhusu Kaimu, alisema, litatazamwa baada ya hotuba.

Ijumaa viwanja vya Mnazi Mmoja vilijaa hadi barabarani. Mheshimiwa Heriel alikaa jukwaani kwenye kochi jekundu, na Mwinyimvua nyuma yake, ameshika karatasi za hotuba, maana kushika karatasi ni kazi ya kaimu. Bi Maimuna na Mudi walikuwa chini, karibu na jukwaa, wamenuniana tena kama zamani.

Chiku Ndimu alipanda amevaa kanga ya duka la Bi Maimuna. Aliwasalimu, akasubiri watulie.

"Jumatano nilikuja Kariakoo kuwasikia mnavyonisema," alisema. "Nilijifunika, nikasimama pale kwenye kahawa. Nikaambiwa sina hoja, nipite." Uwanja ulicheka. "Nikapita moja kwa moja studio. Prodyuza hajalala mpaka leo, mpeni pole."

Kisha spika zikakwaruza, na juu ya uwanja mzima ikatoka sauti nzito, yenye koo bovu la Jumanne mchana: ndugu wananchi, tubishane kwa utulivu. Karatasi zilimponyoka Mwinyimvua. Mwenye hoja akae. Ngoma zikaingia hapo, ngoma za upande wa Mudi kabisa, watu wakarushwa. Asiye na hoja apite. Na juu ya ngoma hizo Chiku akaanza kuimba kwa sauti ile ya mfuniko. Aliimba kwamba yule mwanamume amerudi, ameleta sufuria, limetoboka, anataka kuingia ndani, na yeye amekaa mlangoni akimwuliza hoja yake.

Bi Maimuna alikuwa analia na kucheza, akimshika Mudi mkono. Mudi alikuwa anacheza na kulia, akisema hana kitu, ni vumbi. Mwinyimvua hakusema ni vumbi. Alilia waziwazi, nyuma ya kochi jekundu, na hakujali nani anamwona.

Mheshimiwa Heriel aliona watu wanafurahi, akajua ni wakati wake. Wimbo ulipoisha aliinuka, akapewa kipaza sauti. Akaanza kwa kusema itifaki imezingatiwa. Akasema Idara yake inatambua. Akasema Idara yake inaendelea kutambua. Hapo kijana mmoja, yuleyule wa dirishani, akamwuliza kutoka chini, kwa adabu zote, "Shikamoo mzee. Hoja yako?"

Mkurugenzi alinyoosha mkono nyuma kuomba karatasi. Mwinyimvua alizitazama zilivyotawanyika sakafuni, akamtazama Mkurugenzi, akaona hakuna ya kuokota. Uwanja ulisubiri kwa utulivu mkubwa, utulivu ambao Idara ilikuwa haijawahi kuupata tangu iundwe. Halafu, bila kutukana wala kuzomea, watu wakaanza kugawanyika. Walisogea huku na huku mpaka ikafunguka njia nyeupe kutoka jukwaani hadi kwenye gari lake, na maelfu wakasema polepole, kwa koo moja, ile sentensi ya mwisho. Mheshimiwa alipita. Dereva alishuhudia baadaye kwamba hajawahi kutoka mitaa ile haraka hivyo.

Wakubwa wa juu hawakupendezwa. Walitaka kujua hoja ya Mkurugenzi ilikuwa nini, na kwa kuwa hadi leo anaitafuta, waliamua kwamba wakati wa kuitafuta awe Kaimu Mkurugenzi. Mwinyimvua naye, redio zote zilizoupiga wimbo ule zilishamtaja mwenye sauti kuwa Msimamizi wa Utulivu, bila Kaimu, mara kumi kwa siku. Idara ilipiga hesabu ikaona kusahihisha redio zote ni kazi kubwa kuliko kumsahihisha Mwinyimvua, ikamthibitisha. Hivyo ahadi ilitimia. Mheshimiwa alisema ataliondoa neno Kaimu yeye mwenyewe, akaliondoa, akaondoka nalo.

Wiki iliyofuata Mtaa wa Kongo ulikuwa umeziba kuliko kawaida. Mudi alisema wimbo mpya unamfanya Chiku wa Sasa kuwa mshindi. Bi Maimuna akamwuliza bila sufuria angeimba nini. Mwinyimvua alifika bila koti, akasimama kidogo pembeni, kisha akasema anayo hoja.

"Kaa basi, baba," alisema Bi Maimuna, akasogea kumpa nafasi.

Alikaa. Akatangaza kwamba yeye ni wa Chiku wa Zamani, tangu na tangu, na mtu yeyote asimwambie kuhusu ngoma. Mudi alimaka kwamba amesalitiwa na mtu ambaye yeye mwenyewe alimpa kipaza sauti chake. Katikati ya hapo honi ikalia. Gari jeusi lilikuwa limenasa nyuma ya mikokoteni, na kioo kikashuka taratibu. Kaimu Mkurugenzi alimtazama Mwinyimvua benchini, akampungia mkono kuomba njia.

Mwinyimvua alimwonea huruma ya kweli, maana alijua kukaimu kulivyo. Aliwapungia wachukuzi wasogeze mikokoteni.

"Mwacheni mzee apite," alisema, akarudi kwenye hoja yake.