Itifaki ya Kupanda Mlima Kigongwe

Wakala wa Vivuli vya Umma, wenye ofisi zake Segerea mkabala na fundi magodoro, unayo furaha kuwatangazia wananchi wote kwamba Mlima Kigongwe sasa umetambuliwa rasmi. Najua wapo watakaosema mlima ulikuwepo siku zote. Ulikuwepo, ndiyo, ila ulikuwepo kiholela.

Mie ndiye Afisa Itifaki wa Wakala, jina langu Nikodemu. Nayaeleza haya kwa sababu mtaani yamepotoshwa mno, hasa pale Mwenge kwa wachonga vinyago, ambako wanasimulia huku wameshika mbavu. Sijui wanacheka nini. Kila kitu kilifuata utaratibu.

Bosi wetu, Bwana Jawad, alikuwa amekaimu ukurugenzi muda mrefu kiasi kwamba wajukuu zake walidhani Kaimu ndilo jina alilopewa na wazazi. Alikuwa anataka kitu kimoja tu hapa duniani, nacho ni kuthibitishwa. Kaimu anapanda gari la ofisi kama wengine, lakini analipanda roho juu. Sasa Mwenyekiti wa Bodi, Mama Yustina, aliyewahi kuwa mwalimu wa netiboli na ambaye siku hizi anaitikia marahaba asubuhi mpaka jioni, akaja kikaoni na jambo lake. Akasema kivuli kikubwa kuliko vyote ni cha mlima, na sie hatujawahi kukikagua hata siku moja, tumekazana na vivuli vya vituo vya basi.

"Kaimu Mkurugenzi nitakayemkuta kileleni Kigongwe, nitamthibitisha palepale," alisema. "Mie nitatangulia. Kwenda na kurudi siku hiyohiyo."

Bwana Jawad aliunda kamati kabla chai haijapoa. Kwa wasioufahamu, Kigongwe huko juu ni mwamba mtupu, na kuna mahali unapanda kwa mikono na magoti. Mtu asiye na uzoefu wa uongozi angeanza kuulizia viatu na maji. Kamati ilianza na la msingi, yaani nani atangulie.

Ofisini kwetu bosi hatanguliwi. Akifika mlangoni tunasimama pembeni. Kwenye semina hatugusi pilau mpaka apakue, hata likipoa, hata likiganda. Tatizo la mlima ni kwamba anayetangulia anakuwa juu. Mhudumu akiwa juu ya kichwa cha mkurugenzi wake, hayo si matembezi tena, ni mapinduzi. Hivyo nikatoa mwongozo, na Bwana Jawad akaupitisha kwa mikono miwili: kupanda, hakuna wa kumtangulia mkuu wa msafara, kushuka, hakuna wa kuanza kabla yake. Bahiya wa masjala, binti wa Kiwalani mwenye mdomo, aliuliza mkuu akichoka itakuwaje. Kamati ikamfahamisha kwamba mkuu hachoki, bali hutafakari. Akasema haya, akaendelea kutafuna kashata.

Hatukwenda kichwakichwa. Kulifanyika zoezi elekezi hukohuko Kiwalani, ambako mama mmoja anayejenga alikuwa amemwagiwa lori la kokoto mbele ya nyumba. Tulifunga turubai, tukapanga meza kuu, spika ikapiga singeli mpaka mtaa mzima ukatoka nje kuulizia bi harusi. Bwana Jawad alipanda kokoto kwa mwendo wa kiongozi. Zikamrudisha. Akapanda tena, zikamrudisha tena, na safari ya mwisho alifika juu na kupunga mkono, sie tukapiga makofi. Mwenye kokoto aliuliza nani atazizoa zilizotapakaa barabarani. Nikamshauri awasiliane na mamlaka husika.

Siku yenyewe tuliondoka Dar alfajiri, dereva akiwa Albano. Tulipofika chini ya mlima, wanakijiji walituambia Mama Yustina amepita zamani na fimbo yake na wajumbe wake wawili, na mmoja wao alikuwa anaburuzwa. Tukajipanga kwa vyeo. Mbele Bwana Jawad, nyuma yake Ferdinand mhasibu mkuu, wakafuata wakuu wa idara, kisha mie, kisha Albano. Mwisho kabisa alikuwa Bahiya na katoni ya maji kichwani.

Kwenye jiwe la kwanza la maana, Bwana Jawad akasimama kutafakari. Njia ile ni ya mtu mmoja, kwa hiyo Wakala mzima ulisimama. Akaenda kidogo, akatafakari tena. Mama mmoja aliyekuwa anashuka na mkungu wa ndizi alishindwa kupita, akatupa pole ya msiba. Jua lilikuwa limeshika utosi na bado tulikuwa tunaweza kusoma namba za gari letu pale chini. Ferdinand akapendekeza, kwa sauti ya chini sana, kwamba pengine mtu mmoja apite mbele akaangalie hali ya njia. Bwana Jawad alimgeukia na jicho lile la tathmini ya mwisho wa mwaka. Ferdinand akakumbuka kwamba goti lake pia linamsumbua.

Hapo simu ikaita. Mama Yustina alikuwa kileleni, hamwoni mkurugenzi wala kivuli chake. Akasema chai iliyobaki kwenye chupa haizidi kikombe kimoja, na akiimaliza anafunga kikao na jina la mkurugenzi litatafutwa kwingine.

Bwana Jawad alikaa chini kwenye jiwe. Nilimwonea huruma, sitaficha. Shati limelowa, midomo mikavu, mtu mzima amebaki anaangalia juu kama anayesubiri embe lianguke.

"Nikodemu," akaniambia, "nikirudi nyumbani bado kaimu, nitamwambia nini mke wangu?"

Lakini uzoefu ni uzoefu. Ofisini mkuu akishindwa kuwepo kituoni, anakaimisha. Bwana Jawad alikuwa bingwa wa hilo, maana semina za Dodoma zilikuwa hazimpiti, na alikuwa na kanuni yake: hukaimishi mtu mwenye cheo, kwa sababu ukirudi unakuta kiti kimepata moto na mwenyewe hataki kuinuka. Alipotamka tu neno kukaimisha, wakuu wa idara walichomekea mashati. Ferdinand goti likapona. Bwana Jawad akawapitisha macho wote hao mpaka mwisho wa mstari.

"Bahiya, njoo. Unakaimu nafasi yangu mpaka nitakapofika. Nenda kileleni ukamzuie Mama."

"Kwa hiyo mie ndiye Kaimu Mkurugenzi?"

"Ndiyo."

"Mbele ya watu hawa wote?"

"Bahiya, nenda."

Akaitua katoni, akampa bosi chupa ya maji, akakaza khanga kiunoni juu ya suruali ya mazoezi, huyo. Watu wa Kiwalani wamezoea kuruka madimbwi tangu utotoni, mawe kwao ni ahueni. Albano akamfuata, kwa kuwa dereva wa mkurugenzi anakwenda aliko mkurugenzi. Wakuu wa idara wakatazamana. Kiongozi alikuwa ameshatangulia, na mwongozo ulikuwa wazi, wakapanda mmoja mmoja mpaka nikabaki mie na Bwana Jawad.

"Umeiona akili hiyo?" akaniuliza huku anajipepea kwa kofia. "Masjala. Nani atamthibitisha mtu wa masjala?"

Tulikaa. Baadaye kidogo yakasikika makofi huko juu, na vigelegele, kisha Albano akapiga simu, nikaweka sauti ya nje. Mama Yustina alikuwa ameuliza Kaimu Mkurugenzi ni nani kati yao. Wote walimwonyesha Bahiya, kama utaratibu unavyotaka. Akauliza amekaimishwa na nani, mbele ya nani. Wote walikiri kusikia, Ferdinand akikiri kwa sauti kuliko wenzake. Wajumbe wa Bodi wakanyoosha mikono, na Bahiya akathibitishwa akiwa bado anahema.

Bwana Jawad alikunywa maji yote yaliyobaki kwenye chupa.

"Haiwezekani," akasema. "Mie nilikaimisha tu."

"Ulikaimisha mpaka utakapofika, mzee," nikamweleza. "Hujafika."

Machozi yakamlengalenga, nami nikageuka upande mwingine kidogo, maana heshima ni kitu cha bure. Kisha akainuka, akajipangusa vumbi, akasema basi, yeye anashuka, anakwenda zake nyumbani.

Iliniuma, lakini kazi ni kazi. Nikamshika mkono taratibu.

"Samahani, mzee. Mkurugenzi bado yuko juu."

Akarudi kukaa palepale kwenye jiwe, juani. Albano akapiga tena kutujulisha kwamba Mama Yustina amefungua hotpoti la wali, Mkurugenzi amevua raba, upepo ni mzuri, na wanaanza upya hadithi za netiboli. Bwana Jawad alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, Mkurugenzi anategemea kushuka saa ngapi.

Nikamjibu kwa heshima zote kwamba sie watumishi huwa hatuulizi.